Huyo mtoto si mbishi

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na pole na kelele za chekechea. Huyo mtoto wa darasani kwako uliyeniandikia habari zake, wa miaka mitatu, na vifuniko vyake vya chupa, amenikaa kichwani. Kavipanga vizuri kwa rangi. Ukamwambia sasa tunapanga kwa ukubwa, yeye akaendelea na rangi. Ukamuuliza, "Tunapanga kwa nini?" Akajibu, "Kwa ukubwa!" Kisha kifuniko chekundu kikaenda kwa vyekundu wenzake. Msaidizi wako anasema ni ubishi. Hapo mimi simo.

Mwaka 1963 Brenda Milner, mtafiti wa ubongo wa Montreal kule Kanada, alichapisha habari za wagonjwa wa kifafa waliokatwa kipande cha ubongo ili kifafa kipungue. Aliwapa wapange kadi za pembetatu, nyota, misalaba na miduara, kwa rangi nne, kila kadi ikiwa na maumbo kati ya moja na manne. Mgonjwa haambiwi kanuni. Husikia tu "sawa" au "si sawa". Akipatia mara 10 mfululizo kwa rangi, kanuni inageuzwa bila taarifa, sasa ni umbo. Mtu mzima wa afya hubabaika kidogo, kisha hushtukia mchezo. Lakini wale waliokatwa gamba la mbele (tabaka la nje la ubongo), upande wa juu pembeni nyuma ya paji la uso, waling'ang'ania rangi. Si sawa, si sawa, si sawa, na mkono unarudi palepale. Na wapo walioweza kusema kabisa kwamba wanakosea! Hapo ndipo namwona mtoto wako.

Kujua kanuni ni kazi moja, kuipa nguvu ya kushinda mazoea ni nyingine, na hii ya pili inategemea sana gamba la mbele. Mwaka 2001 Earl Miller na wenzake, huko chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba kwenye gamba hilo nyani wana seli zinazochangamka kwa kanuni yenyewe, "chagua inayofanana" au "chagua tofauti", picha iwe yoyote.

Sasa gamba hilo huchelewa kukomaa, mpaka mtu amepita miaka 20. Mtafiti wa saikolojia ya watoto, Philip Zelazo, na wenzake waliwapa watoto mchezo karibu sawa na wako: wa miaka mitatu wengi hukwama huku wakiitaja kanuni mpya, wa mitano wengi huvuka. Kwa hiyo tafadhali msiende kumwambia mama yake kwamba mwanawe ana kasoro. Hata sisi wakubwa tukibadilishiwa kazi huchelewa kidogo na kukosea zaidi, ingawa tumepewa muda wa kujiandaa.

Jaribu hivi. Kabla hajaweka kifuniko, mwache aseme mwenyewe: "Hiki kikubwa" au "Hiki kidogo." Usimsemee wewe. Jaribio lililochapishwa 2003 lilionyesha kwamba watoto wengi wa umri wake huvuka kwa njia hiyo. Tena vifuniko alivyokwisha kupanga uvifunike, maana rangi zikibaki wazi mbele yake zinamvuta.

Niandikie imekuwaje, na huyo msaidizi mwambie nimemsalimu.

Wako,
Saumu