YAH: KUMSHUSHA MAMA MKWE WANGU KWENYE GARI LENU SOKONI KIWIRA, NA MADAI YA FEDHA ZANGU

Kwa Meneja Mkuu,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Salaam. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyetoka Iringa na familia yangu kwa ajili ya ile safari yenu ya kijiji, soko na msitu wa Rungwe. Nakala ya risiti nimeiambatanisha. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, mmeyaandika wenyewe na mmeyabandika ukutani pale mapokezi, kwa hiyo sitayanukuu. Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, na nitajitahidi kutumia lugha ya staha, ingawa mfanyakazi wenu hakuitumia kwa mtu aliyestahili staha kuliko sisi sote tuliokuwa ndani ya gari lile.

Alasiri, mvua ikiwa inanyesha, mwongozaji wenu alifungua mlango wa Hiace pale sokoni Kiwira akamwambia mama mkwe wangu, "Bibi, shuka. Viti hivi vina wageni." Shikamoo hakuna, tafadhali hakuna, pole hakuna. Mama alidhani amesikia vibaya, akaniangalia mimi mkwewe. Kabla sijafungua mdomo, kijana yule alishachukua kikapu chake cha parachichi na kukiweka chini kwenye tope. Wageni watatu waliokuwa wamesimama chini ya mwavuli wakapandishwa. Sisi tukashuka. Gari likaondoka.

Ndugu Meneja, mama huyu ni mzaliwa wa Rungwe. Amekulia kwenye miteremko ile ile mnayouza tiketi zake. Mimi ni Mhehe, nimeoa kwao, na kwa miaka yote hii nilikuwa nataka kumfanyia jambo la heshima, apelekwe kwao kama mtu wa maana, akae kiti cha mbele, aelezwe mambo, apigwe picha. Hiyo ndiyo sababu nililipa shilingi 85,000 kwa kila kichwa, watoto bila punguzo, wakati nauli ya basi la kawaida hadi Kiwira kila mtu anaijua. Nililipia heshima. Sasa niambieni nilichopewa ni nini.

Nirudi asubuhi, maana mambo hayakuanzia sokoni.

Tuliingia msituni kwa ahadi ya kumwona kipunji. Brosha yenu imemsifia ukurasa mzima, na kwa haki kabisa: nyani huyu alitambuliwa na watafiti hapo Rungwe mwaka 2003, akatangazwa duniani mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake. Hayupo nchi nyingine yoyote. Hata sisi Iringa tunaye, kwenye msitu wa Ndundulu kule Kilolo, ila brosha yenu hilo imelisahau. Basi, baada ya kupanda kwenye utelezi, mwongozaji wenu akasimama, akanyoosha kidole juu ya mti na kutangaza kwa sauti ya mtu aliyegundua dhahabu: "Kipunji huyo!" Watu wakatoa simu.

Alikuwa mbega. Mweusi, mabega meupe, mkia mrefu, mbega yule yule ambaye mtoto wa darasa la nne anamjua. Mama mkwe akamwambia taratibu, kwa upole wa mzazi: "Mwanangu, huyo ni mbega. Kipunji ni wa rangi ya kahawia, ana nywele zimesimama kichwani, na uso mweusi. Hata mlio wake si huo." Mama alilijua jina hilo tangu utotoni. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama huyu kabla mtafiti yeyote hajafika na darubini yake, na ni maneno yao ndiyo yaliyowafanya watafiti waanze kumtafuta. Mwongozaji wenu akacheka, akawageukia wengine na kusema, "Bibi ana hadithi zake. Mimi nimesomea." Kundi zima likacheka. Tangu hapo hakumwangalia tena mama usoni mpaka alipokuja kumshusha.

Kwa hiyo naomba msije kuniambia kwamba viti vile vilichaguliwa kwa bahati mbaya. Gari lilikuwa na watu wengine. Kulikuwa na vijana wawili kiti cha nyuma wamelala. Alichagua kiti cha mtu aliyemsahihisha.

Sitaki kuandika sana kuhusu kinyonga, lakini nitaandika. Brosha inasema wageni watamwona kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Uporoto "katika mazingira yake". Tulimwona ndani ya ndoo ya rangi, amefungwa uzi mguuni, kijana anatoza shilingi 5,000 kwa picha, na mwongozaji wenu amesimama pembeni akihesabu mgao. Mtoto wangu wa mwisho aliuliza kwa nini kinyonga amefungwa. Sikuwa na jibu. Mnalo ninyi? Milima ile ndiyo kwao, na ninyi mnaotembeza wageni msituni ndio mliopaswa kuwa wa kwanza kukata ule uzi.

Chakula cha mchana: ahadi ilikuwa mbalaga, yaani ndizi za Kinyakyusa, kwa nyama, iliyopikwa na akina mama wa kijijini. Tulipewa chipsi baridi kwenye mifuko. Akina mama wa kijijini tuliwaona, walikuwa barabarani wakiuza viazi, na hakuna hata mmoja aliyepata senti ya mbalaga tuliyolipia. Hilo la chakula nalipita, ingawa ningeweza kuandika barua yake peke yake.

Daraja la Mungu hatukuliona. Lile jiwe la volkano lililovuka mto Kiwira kama daraja, lililotajwa kwenye ratiba yenu kwa herufi kubwa, na watoto walikuwa wameahidiwa kuliona na walilala wakiliota. Sababu ya kutoliona ndiyo hii ninayorudi kuieleza, kwa sababu nimejaribu kuiandika kwa kifupi na naona haijatosha.

Gari lenu jingine liliharibika njiani likiwa na wageni watatu kutoka nje waliotakiwa kuwahi ndege Songwe. Hilo naelewa, magari huharibika. Mlichopaswa kufanya mnakijua: gari la akiba, ambalo masharti yenu yanalitaja, au kuomba. Ndiyo, kuomba tu. Mngeniomba mimi na mke wangu tusimame pembeni na mzee abaki, ningeshuka bila neno. Badala yake yule kijana alikuja moja kwa moja mpaka mlango wa mbele. Mama alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, kitenge chake kipya cha njano alichokivaa kwa ajili ya siku ile. Akaambiwa, "Bibi, shuka." Akauliza, "Nishuke wapi, mwanangu? Mvua hii?" Akajibiwa, na nayaandika maneno haya kama yalivyotoka: "Wewe ni wa hapa hapa, unajua njia." Halafu akamshika kiwiko.

Akamshika kiwiko, Ndugu Meneja. Mama wa watu. Mbele ya mkwewe, mbele ya wajukuu, mbele ya soko zima la Kiwira, akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani wamesimama wanatazama mwenzao anateremshwa kama mtu aliyepanda bila nauli. Wapo waliomfahamu. Mmoja aliita jina la ukoo wake. Mama hakuitika, aliinamisha kichwa.

Na mgeni mmoja, mama wa Kizungu mwenye mvi, alielewa haraka kuliko wafanyakazi wenu. Alirudisha mguu nje ya gari akawa anatikisa kichwa, anamwonyesha mama arudi akae. Mwongozaji wenu akamwambia kwa Kiingereza kwamba hakuna tatizo, hawa ni wenyeji, gari lao linakuja. Gari gani? Hakukuwa na gari. Tuliambiwa nusu saa. Tulisimama chini ya kibanda cha ndizi mpaka taa za sokoni zikaanza kuwaka na akina mama wanafunika mizigo yao kwa maturubai.

Gari lilipoondoka, gurudumu la nyuma lilipita juu ya kikapu. Parachichi alizozichagua mwenyewe, moja moja, akizibonyeza kwa dole gumba, ili awapelekee majirani zangu Iringa wajue parachichi za kwao zikoje. Ilibaki mbegu imesimama kwenye tope, na maganda. Muuza ndizi mmoja akatupa majani ya mgomba tukaketi.

Begi langu lilikuwa limebaki kwenye gari lenu, pochi na simu vikiwa ndani. (Nililipata kesho yake ofisini kwenu, baada ya kusainishwa karatasi kana kwamba mimi ndiye niliyekopa.) Kabla mke wangu hajafungua mkoba wake, mama mkwe alishafungua fundo la pindo la kitenge, akatoa noti zilizokunjwa mara nne, akamwita kondakta wa Kosta na kutulipia wote hadi Mbeya. Mimi niliyemtoa matembezi. Mkwe! Kama meneja una mama mkwe, huhitaji nikufafanulie nilivyokaa ndani ya ile Kosta. Kama huna, muulize mwenye naye.

Tulipofika stendi aliniambia tu, "Usiwaseme sana, baba, ni watoto." Ni kwa heshima yake nimeandika barua hii kwa utulivu huu mnaouona.

Sasa madai yangu. Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai kurejeshewa fedha za viti vya watu walioshushwa, na za Daraja la Mungu ambalo hatukufika. Nimeandika mpaka hapa na sioni sababu ya kuwapunguzia. Nadai fedha zote, za familia nzima, pamoja na nauli ya Kosta aliyolipa mama, na kikapu na parachichi zake kwa bei ya Kiwira, si ya mjini Mbeya. Nauli ya mama mtamrudishia yeye mkononi mwake, si kwangu.

Pili, mwongozaji huyo aende kwa mama nyumbani kuomba radhi, akiwa ameongozana na mtu mzima kutoka ofisini kwenu. Si kwa simu. Si kwa ujumbe. Aende mchana, watu wakimwona akiingia, kama ambavyo watu walimwona mama akishushwa. Akifika aanze na shikamoo. Na asije na bahasha mkononi akidhani yamekwisha.

Tatu, nataka jibu la maandishi linaloeleza ni sharti lipi kati ya masharti yenu linaloruhusu mteja aliyelipa kuteremshwa ili mteja mwingine akae. Ninyi ndio mnaolijua. Kama halipo, andikeni kwamba halipo, na msaini.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, au nikijibiwa na ile barua yenu ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza", malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake pia ni kumlinda mlaji, na kwa wizara yenye dhamana ya utalii ili waangalie kama mwongozaji huyu ana leseni inayotakiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Mtu asiyetofautisha mbega na kipunji sijui alipita mtihani gani. Nitawaandikia pia wasimamizi wa hifadhi kuhusu ndoo ya kinyonga.

Tena nimeitazama upya risiti mliyonipa. Imeandikwa kwa kalamu. Nililipia watu sita na sikupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mamlaka ya Mapato wana ofisi Mbeya, na siyo mbali na yenu. Sikuwa na nia ya kufika huko, na ninyi ndio mtakaoamua kama nifike.

Na kama mama ataulizwa swali lolote na mtu wenu yeyote kuhusu "kwa nini alibishana na mwongozaji", zile siku 14 zifuteni. Nitakuwa getini kwenu kesho yake asubuhi na mke wangu na ndugu zake wote wa Rungwe, nao si wachache.

Wenu,

Mteja, Iringa.
(Jina, saini na namba ya simu viko kwenye kiambatisho pamoja na risiti.)

Nakala: Mama mkwe, Rungwe. Asomewe.