Mheshimiwa Waziri, tunahitaji wasimamizi waliosomea hapa Kivu

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Bukavu. Nakuandikia kuomba jambo moja: masta ya saikolojia ya maafa na kiwewe inayofundishwa hapa Kivu, ambayo sehemu kubwa ya masomo yake inafanyika ndani ya vituo vya afya, kwa Kiswahili, Mashi, Kihavu na lugha nyingine za wagonjwa wenyewe, chini ya msimamizi aliyebobea. Huyo msimamizi ndiye tunayemkosa kuliko kitu kingine chochote.

Semina tunazo. Mimi ni msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, APS kama tunavyoitwa huku, na mashirika yanayoingia mkoani hayachelewi kutufundisha: siku tatu, siku tano, cheti, picha ya pamoja, posho, kwaheri. Nimejifunza mengi humo na ninawashukuru waliotufundisha. Lakini Jumatatu narudi kituoni, anaingia mtu asiyefanana na mfano wowote wa kwenye semina, na sina wa kumuuliza.

Tarehe 4 Mei 2023 mito ilifurika Kalehe, hapa Kivu Kusini, ikavisomba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Miili iliyookotwa ilizidi 400, watu wengi hawakuonekana tena, na baadhi ya waliopatikana walizikwa katika makaburi ya pamoja kabla ndugu zao hawajawatambua. Muda mrefu baadaye alinijia mama mmoja wa huko, aliyekuwa amehamia kwa dada yake hapa mjini. Alisema kichwa kinawaka moto, moyo unampigapiga, usingizi umekatika. Mvua ikianza kugonga mabati anawaamsha watoto na kutoka nao nje, hata ikiwa saa nane ya usiku. Kwenye pindo la kitenge alikuwa amefunga vidonge vya Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, alivyonunua dukani bila karatasi ya daktari, na alikuwa akivimeza kila jioni kwa miezi. Mume wake hajapatikana mpaka leo. Matanga hayakukaliwa, kwa sababu mama mkwe alikataa: ukimlilia, alisema, umekwisha kumuua.

Nilimsikiliza, kwa sababu kusikiliza ndiko tulikofundishwa. Maswali yaliyobaki yanamtaka mtu aliyesoma kwa kina. Vidonge hivyo vipunguzwe vipi, maana kuviacha ghafla baada ya miezi ni hatari? Huo ni msiba wa kawaida, au ni kiwewe chenye tiba yake, au vyote viwili? Familia isaidiwe vipi kumwomboleza mtu asiye na kaburi, bila kumlazimisha mama mkwe kukubali kifo ambacho hajakiona?

Elimu ya kujibu maswali hayo ipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2013 likisema dawa za jamii ya Valium zisipewe watu wazima kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Miaka miwili kabla yake kilitoka kitabu cha huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambacho kazi yake yote imejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha na msaada. Kinasema wazi kwamba mtu asishinikizwe kusimulia yaliyompata. Hata hivyo bado naona watu walionusurika jana wakikusanywa leo chini ya turubai na kuombwa wasimulie, mmoja baada ya mwingine, kila walichokiona. Anayeongoza kikao ana nia njema kabisa. Hajawahi kuambiwa kwamba utafiti haukuona faida ya vikao vya namna hiyo, na kwamba vinaweza hata kuwaumiza baadhi ya watu. Wengi wetu hupona kwa kupata usalama, chakula, ndugu na muda. Kazi ngumu ni kumtambua yule ambaye hatapona hivyo, na siku tano za semina hazitoshi kumfundisha mtu jambo hilo.

Na wasiopona ni wengi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yanaonyesha kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 ana sonona, wasiwasi, kiwewe au maradhi mengine ya akili. Februari 2025 vita viliingia Bukavu kwenyewe, na sisi tunaowahudumia watu tulijificha chini ya vitanda vyetu pamoja na watoto wetu kama wao.

Niruhusu nikukumbushe utafiti mmoja uliofanyika katika vijiji vyetu vya Kivu, ukachapishwa Marekani mwaka 2013. Wanawake 405 waliopitia au kushuhudia ubakaji walishiriki: vijiji vingine vilipata tiba ya kuchambua mawazo katika vikundi, vingine msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili kali za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa tiba ya vikundi, na asilimia 42 upande wa pili. Tiba hiyo haikutolewa na madaktari. Iliongozwa na APS wa hapa hapa, wengine wakiwa na miaka michache tu ya sekondari. Walikuwa na kitu ambacho mimi sina: kila wiki msimamizi Mkongomani alizungumza nao juu ya wagonjwa wao, naye alikuwa na mtaalamu wa kumwuliza, na mtaalamu huyo aliwasiliana na walimu walioko Marekani. Ngazi ilikamilika, ila kipandio cha juu kabisa kilikuwa ng'ambo ya bahari, na mradi ukiisha kinaondoka nao.

Kipandio hicho ndicho ninachotaka kijengwe hapa. Chuo Kikuu cha Denver kina masta ya saikolojia ya maafa, kiwewe na afya ya akili duniani. London wanafundisha afya ya akili duniani kwa ngazi hiyo hiyo. Ni elimu nzuri, na kijana wetu akiipata nitamshangilia. Lakini visa, ada na Kiingereza vinamzuia muuguzi wa Kabare ambaye ameshakaa na wagonjwa hawa miaka mingi.

Mheshimiwa, masta katika mfumo wetu wa LMD (licence, masta, udaktari) ina krediti 120. Naomba 40 kati ya hizo ziwe za kazi ya kliniki inayosimamiwa, na mwanafunzi asihitimu bila kuonyesha kwamba anaweza kuendesha tiba kwa lugha ya mgonjwa. Memuari, yaani tasnifu, nzuri ya Kifaransa haituambii kama atamwelewa mama wa Nyamukubi. Naomba pia mlango ufunguliwe kwa wauguzi na APS wenye licence, yaani shahada ya kwanza, uzoefu wao uhesabiwe, na ratiba iwaruhusu kubaki kazini. Wachungaji wa vyumba vya maombi nao waingie katika mtaala kama watu wa kufanya nao kazi, kwa kuwa wagonjwa wengi huanzia kwao.

Mahali pa mazoezi pasiwe kisingizio. SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Mabradha wa Upendo, inawatibu wagonjwa wa akili mjini hapa kwa miaka mingi. Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, inaunganisha upasuaji na huduma ya kisaikolojia. Vyuo vikuu tunavyo, na walimu wanaojitolea wapo. Wanachohitaji ni kibali kinachotambulika nchi nzima, na mshahara wa msimamizi ulioandikwa kwenye bajeti ya serikali. Hilo la mshahara nalitilia mkazo, kwa sababu msimamizi anayelipwa na mradi ataondoka na mradi.

Kwa kuanzia, waite SOSAME, Panzi, vyuo vikuu vya Bukavu na Wizara ya Afya wakae pamoja kabla mwaka ujao wa masomo haujafunguliwa, na APS wawili au watatu wawe mezani tangu kikao cha kwanza.

Kwa heshima,

APS mmoja wa Kadutu, Bukavu