Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo

YAH: OMBI LA NAFASI ZA MASOMO KWA VIJANA WETU

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Bagamoyo, na nakuandikia hadharani kwa kuwa ombi hili si la shule moja.

Kila ugeni ukifika wilayani hupelekwa Misheni: mbuyu ulioumeza mnyororo, mnara ulikowekwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, picha mbili tatu, soda, kwaheri. Kinachosahaulika ni kwamba Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika hapa mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, wana chuo kikuu Marekani. Shirika lao lilikifungua mjini Pittsburgh mwaka 1878. Leo kinaitwa Duquesne University. Mwanzilishi wake, Padri Joseph Strub, alikuwa miongoni mwa mapadri waliofukuzwa Ujerumani enzi za Bismarck, na kilianza kwa kusomesha watoto wa wahamiaji maskini katika mji wa makaa na chuma. Kwa hiyo Bagamoyo ndiye kaka, kwa miaka 10. Ila aliyesomeshwa ni mdogo.

Tusiombe jengo, wala kompyuta zilizochoka. Tuombe vijana wetu wasomeshwe. Mapadri wale waliandika shajara ya misheni kwa Kifaransa. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne aliniuliza tukiwa makaburini pale: “Mwalimu, hawa waliokombolewa waliitwa nani, na wajukuu zao ni kina nani?” Majibu ya maswali ya namna hii hutafutwa kwenye nyaraka kama hizo, na wa kuzisoma hapa mjini ni wa kutafuta kwa tochi.

Kujilipia haiwezekani. Ada ya mwaka pale inazidi dola 40,000; mvuvi wa Dunda auze changu na pweza mpaka chombo kioze, hafiki.

Naomba uitishe kikao cha ofisi yako, Afisa Elimu Sekondari na mapadri wa Misheni, itoke barua moja kwenda kwa wakuu wa shirika na wa chuo. Tuombe ufadhili wa nafasi hata 2 kwa mwaka. Anayepata awe mtoto wa wilaya hii, asome historia au utunzaji wa nyaraka, Kifaransa akijue, na arudi kufanya kazi hapa.

Najua yatakayosemwa barazani: chuo cha Kanisa, na wengi wetu ni Waislamu. Mbona Waislamu wamesoma shule za misheni nchi hii tangu zamani, wakarudi na vyeti vyao na swala zao? Sharti la dini lisiwepo, na liandikwe hivyo waziwazi.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Barua ikitangulia, majina ya kupeleka tutakuwa nayo. Rasimu niko tayari kuiandika. Niite ofisini hata Jumamosi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa historia, Bagamoyo