Shukrani kwa dereva wa tingatinga, Mwakirunge

Ndugu zangu, wema huu nauweka hadharani. Njia ya kuingilia shambani kwetu Mwakirunge ni ndefu, na masika yaliigeuza matope matupu. Fundi wa kwanza alimwaga kifusi juu ya matope, akalipwa, akaenda zake. Mvua ikakisomba chote. Mama, naye mgonjwa, ikabidi abebwe kwenye kiti hadi barabarani.

Kaka huyu alikuwa akipita tu, katoka kazini. Alisimama, akashuka, akachomeka fimbo ardhini kujua matope yameishia wapi. Jumamosi akarudi na mashine. Alikwangua matope yote mpaka kwenye udongo mgumu, akachimba mitaro pande zote mbili. Kifusi alikitandaza tabaka kwa tabaka, kila tabaka akilinyunyizia maji na kulishindilia kabla ya kuongeza jingine, katikati pakiwa juu kidogo. Halafu akamwaga ndoo ya maji nione: yakagawanyika, yakateremkia mitaroni. Pesa alipokea ya dizeli tu.

Wenye mashine, mkimwona jirani amekwama, simameni mumuulize. Kaka, hukutaka nikutaje jina. Mama anakuombea dua kila siku, Mungu akuzidishie.