Hata Sholay iliazima

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba filamu zetu za Kibongo hazina jipya, zote ni za Kihindi zilizovalishwa kitenge. Mimi nilikuwa nakodisha kanda za video hapa Ngamiani, Tanga, tangu enzi za VHS mpaka CD za bei chee zikatufungisha duka, na lalamiko hilo nililisikia kila siku: "Mama, hii mbona tumeshaiona?" Kuiona mmeiona. Lakini hata hao Wahindi walikitoa mahali kisa chao.

Chukueni Sholay ya mwaka 1975, ambayo wateja wangu waliitazama mpaka kanda ikakwaruzika. Wanakijiji wanaonewa na majambazi, wanatafutwa wanaume wa kukodiwa waje kuwalinda. Kisa hicho mwongozaji filamu Akira Kurosawa alikwishakitengeneza Japani mwaka 1954, katika Seven Samurai. Wamarekani wakakifanya cha makauboi mwaka 1960, ndipo kikafika Bombay. (Na Kurosawa mwenyewe alihusudu filamu za kikauboi za Mmarekani John Ford, kwa hiyo Wamarekani walirudishiwa chao.) Yale mauaji ya familia ya Thakur, mzee wa kijiji anayewakodi walinzi hao katika Sholay, nayo yanatoka kwa mwongozaji wa Kitaliano Sergio Leone, filamu yake ya 1968: anabaki mtoto mmoja akimtazama muuaji usoni, kisha mlio wa risasi unamezwa na sauti ya treni. Kwa Leone treni inamleta mke asiyejua kwamba ameshakuwa mjane. Kwa Wahindi inamleta babu wa mtoto.

Sasa tazameni walichoongeza. Majambazi wamevamia kijiji, bunduki iko chini miguuni pa Thakur, naye haiokoti. Vijana aliowakodi wanamjia juu. Anawasimulia yaliyompata, na shali lake linapoanguka tunaona mikono ya nguo inaning'inia mitupu. Hiyo haimo kwa Mjapani wala kwa Mtaliano. Wakulima wa Kurosawa walikodi watu kuokoa mavuno yao. Thakur ana deni na mtu mmoja tu, Gabbar, mkuu wa majambazi aliyemuulia familia na kumkata mikono.

Leone huyohuyo aliwahi kushikwa. Filamu yake ya 1964, A Fistful of Dollars, ilikuwa Yojimbo ya Kurosawa tupu, bila ruhusa. Wajapani wakadai, na yakaisha kwa kulipwa asilimia 15 ya mapato.

Filamu ya hapa nyumbani niliyoitazama juzi, jina naliacha, imechukua mauaji yaleyale na mtoto yuleyule. Baba anarudi, analia kidogo, mara yuko hotelini na mchumba mpya, kavaa miwani ya jua! Waliouawa waliuawa kwa lipi, hakuna anayeuliza hadi filamu inakwisha.

Watayarishaji wetu, reli ipo Korogwe, mashamba ya mkonge yapo. Nipeni Thakur wa Kidigo mwenye kisasi chake mwenyewe, na nyuma ya kasha andikeni kisa mmekitoa wapi. Msiogope kukosa soko. Wateja wangu walikuwa wakirudisha kanda kwa hasira pale tu walipokuta kisa kilekile kwa jina jipya. Niliowaambia mapema, wengi waliichukua hivyohivyo, wakaone mwenzake kaifanyaje.

Mkodisha kanda mstaafu,
Ngamiani, Tanga