Salamu za Idi kutoka Tanga: Tuwakumbuke Wazee wa Tongoni

Ndugu zangu, wazee wangu na mama zangu, assalaam alaykum. Mwezi umeandama, na Idi imetukuta tukiwa wazima. Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu na zaka zetu, na awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana ambao mwaka huu hatunao.

Kwa kuwa Idi ni siku ya kuwazuru wazee, walio hai na waliotangulia, naomba safari hii tusiwasahau wale waliozikwa Tongoni, kwenye magofu ya mji wa kale, kama kilomita 20 kusini mwa mji wetu kwa njia ya Pangani. Msikiti wao wa Ijumaa, ambao wataalamu wa mambo ya kale wanaukadiria kuwa wa karne ya 14 au ya 15, hauna paa tena. Hata hivyo kuta zilizosalia zinatosha kumwonyesha mtu ufundi wa pwani yetu: mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yenyewe, na penye kutakiwa nakshi, jiwe laini lililotolewa baharini na kuchongwa likiwa bado bichi, maana likikauka huwa gumu. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki mita tatu. Ndiyo sababu misikiti yetu ya kale ama ni myembamba ama ina nguzo nyingi. Kibla chake ni kaskazini, kilekile tulichokielekea asubuhi ya leo.

Karibu na msikiti yapo makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo ndefu zilizopachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, na inauma kuziona zimelala.

Ni kwenye miamba ya eneo hili Vasco da Gama alikokwamisha meli yake São Rafael mwaka 1498, kisha mwaka 1499 akaichoma moto, kwa kuwa ugonjwa wa kiseyeye ulikuwa umewaua mabaharia wake wengi, na waliobaki hawakutosha kuiendesha. Habari hiyo husimuliwa sana. Mimi huwafikiria zaidi waliokuwa wakiadhini nchi kavu.

Bahari inazidi kuumega ufuo wa Tongoni, kwa hiyo mtakaokwenda huko Idi pili nendeni na watoto, muwaonyeshe kibla, msiwaache wapande juu ya makaburi wala kuchora majina ukutani, na muwasomee wazee wenyewe Fatiha. Idi Mubarak.