Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bayocha na Fangasi wa Mizizi

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mtunza hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililotawala vikao vyetu mwaka huu: bayocha tunayotia shambani (makaa ya mabaki ya mimea au samadi yaliyochomwa penye hewa kidogo) inawafanyia nini fangasi wa mizizi, yaani mikoriza.

Fangasi hawa huishi na mazao mengi, mahindi na maharage yakiwemo. Mmea huwapa sukari, nao hutandaza nyuzi nyembamba zinazopenya pasipofikiwa na mizizi na kuuletea fosforasi. Jamii ya kabichi kwa kawaida haina ushirika huu, basi tusiupime huko.

Mwaka 2007 watafiti Warnock, Lehmann, Kuyper na Rillig walieleza njia nne ambazo bayocha inaweza kuwaathiri. Hubadilisha virutubisho na kiwango cha asidi. Huwagusa vijidudu wengine wanaoishi jirani na fangasi. Vitundu vyake huwa maficho dhidi ya wanaokula nyuzi. Njia ya nne ndiyo inayonikosesha usingizi: bayocha hunasa kemikali. Ikinasa sumu, fangasi hupona. Lakini mzizi wenyewe huwaita fangasi kwa kemikali, strigolaktoni, na wito huo nao unaweza kunaswa njiani.

Kuna pia suala la malighafi. Bayocha ya samadi huwa na fosforasi nyingi kuliko ya mbao. Mmea ukishashiba fosforasi hauna sababu ya kuwalisha fangasi, nao hupungua mizizini. Ndiyo maana mwanachama mmoja anasifu na mwingine analalamika, na wote wawili wanasema kweli. Kwenye udongo wenye asidi na uhaba wa fosforasi nina matumaini makubwa. Kwenye udongo wenye chumvi ya magadi, ambako bayocha nyingi huzidisha tatizo, sina.

Napinga kwa dhati mtindo wa kumwaga bayocha kila shamba kwa kipimo kimoja. Isitoshe, haiondoki: ikishachanganyika na udongo hukaa miaka mingi, na hakuna wa kuichekecha.

Kamati inaleta azimio: udongo upimwe kwanza, bayocha ilowekwe na mboji kabla ya kutiwa, kila anayejaribu aache kipande bila bayocha cha kulinganishia, na mizizi ichunguzwe kwa hadubini, maana ukubwa wa mavuno peke yake hautuonyeshi hali ya fangasi. Naomba mlijadili na kulipigia kura leo, kabla ya msimu wa kupanda.

Mwenyekiti